KIKULACHO KI NGUONI MWAKO
Usubi wa Jioni na Mwasho wa Kondoo

Jua linapokaribia kutua katika nyanda za juu, na upepo wa mchana umekwisha kutulia, ndipo mfugaji anapopata nafasi ya kuwatazama kondoo wake vizuri wanaporudi zizini. Na afikiriwe mfugaji mmoja mwenye kondoo 40, ambaye jioni moja baada ya mvua ndefu aliona jambo lililomtia wasiwasi. Kondoo jike mmoja alikuwa amesimama kando ya nguzo ya ua, akijisugua uso bila kukoma. Masikio yake yalikuwa mazito yenye vigaga, nywele za karibu na macho zilikuwa zimepukutika, na chini ya tumbo, mahali pasipo na sufu, ngozi ilikuwa nyekundu na yenye majimaji. Kabla ya juma kwisha, wengine 3 walikuwa katika hali hiyo hiyo.

Mfugaji yule hakungoja. Neno lililomjia kwanza ni upele, na kila mfugaji aogopaye upele anajua sababu ya hofu hiyo. Alinunua dawa akawaogesha kondoo wote 40. Wale wanne walipata nafuu kwa siku chache, naye akafurahi akidhani ya kuwa vita vimekwisha. Lakini mara mwasho ukarudi. Akanunua dawa tena, akawaogesha wote tena, na safari hii fedha zilitoka katika akiba aliyoweka kwa ajili ya karo ya shule. Kondoo 36 waliendelea kuwa wazima kama walivyokuwa tangu mwanzo, na wale wanne wakaendelea kujikuna.

Ndipo alipokumbuka ya kuwa jirani yake alinunua kondoo dume sokoni mwezi uliopita. Maneno yakapita mpakani, na majibu yakarudi yakiwa makali zaidi. Watu wawili waliozoea kusaidiana siku ya kukata sufu wakawa hawasalimiani tena njiani.

Mfano huu umetolewa kwa sababu moja tu. Ugonjwa uliowapata kondoo wale wanne haukuletwa na dume la jirani, wala haukuwa upele. Ulitoka katika matope yaliyokuwa kando ya birika la maji la mfugaji mwenyewe, nao ukaongezwa nguvu na miili ya kondoo wenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ni mara chache methali hiyo kulingana na jambo la ufugaji kama inavyolingana na hili.

ADUI MDOGO KULIKO MBU

Katika matope ya namna hiyo huzaliwa mdudu aitwaye usubi. Watu wengi humjua kwa kuumwa, lakini ni wachache waliopata kumtazama kwa makini, maana urefu wake ni kama milimita 1 hadi 3 tu, na matundu ya chandarua cha kawaida cha mbu hayatoshi kumzuia. Wataalamu huiita jamii yake Culicoides, nao wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 1,300 ulimwenguni. Wengi wa aina hizo huuma wanyama au ndege, na baadhi huuma watu pia.

Aina moja iliyo maarufu sana, iitwayo Culicoides imicola, ilipewa jina lake mwaka 1913 na mtaalamu aitwaye Kieffer, katika kazi aliyoiandika juu ya wadudu waliokusanywa na wasafiri wawili Wafaransa, Alluaud na Jeannel, katika safari yao ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1911 na 1912. Basi mdudu huyu si mgeni katika nchi ya Kenya. Yuko pia katika sehemu nyingine nyingi za Afrika, na katika nchi za kando ya bahari ya Mediterania.

Usubi wa kike ndiye aumaye, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yapate kukomaa. Wa kiume hana haja ya damu, naye hujitafutia utamu wa maua. Aina zinazowasumbua kondoo hutoka hasa magharibi, usiku, na alfajiri kabla ya jua kupanda. Usubi hana nguvu ya kuruka kama nzi. Upepo unaotikisa majani ya miti humfanya atulie mafichoni. Lakini jioni iliyo tulivu, yenye joto na unyevu, huwafurahisha sana, na hapo ndipo mamia yao huweza kumvamia mnyama mmoja kwa saa chache.

Mayai hutagwa mahali palipo na unyevu na uchafu wa kuoza. Culicoides imicola hupenda hasa udongo ulioloana na kuchanganyika na mavi ya wanyama. Hapendi katikati ya bwawa lenye maji ya kina. Kando ya birika linalovuja, chini ya bomba lililolegea, katika alama za kwato zilizojaa maji, na kwenye majani yanayopata maji ya mfereji kila siku, hapo ndipo penye malezi yake. Ikiwa hali ya hewa ni ya joto, yai huweza kuwa mdudu mwenye mabawa kwa muda wa majuma machache tu. Kwa hiyo mfugaji anayeacha birika livuje mwezi mzima anafuga makundi mawili: kundi la kondoo, na kundi la usubi wa kuwauma.

ASKARI WANAOFYATUA RISASI OVYO

Hapo msomaji aweza kuuliza swali lililo la haki. Ikiwa usubi huwauma kondoo wote, kwa nini wanne waugue na 36 wasalimike? Jibu lake linaeleza tabia nzima ya ugonjwa huu.

Mwili wa kila mnyama una askari wake, ambao kazi yao ni kutambua vitu vigeni vinavyoingia na kuvipiga vita. Usubi anapouma hutia mate yake katika ngozi ili damu isigande upesi. Mate hayo ni kidogo sana, nayo kwa mnyama wa kawaida huleta kiuvimbe kidogo kinachokwisha bila kuacha alama. Lakini katika miili ya wanyama wengine askari hao hukosea. Huyahesabu mate ya usubi kuwa ni adui mkubwa, wakatengeneza silaha maalumu za kupigana nayo, na silaha hizo hukaa tayari zikingoja. Siku usubi anapouma tena, vita huanza mara moja. Chembe za ngozi humwaga dawa kali ya mwili, iitwayo histamini pamoja na nyingine, na mnyama huvimba, huwa mwekundu, na kuwashwa kupita kiasi. Hali hiyo ya mwili kupigana na kitu ambacho kwa wengine hakina madhara makubwa huitwa mzio.

Kwa hiyo si sumu ya usubi inayomtesa kondoo huyo. Ni ulinzi wake mwenyewe uliopita mpaka. Ni kama kijiji ambacho walinzi wake, wakisikia panya darini, hufyatua bunduki na kuivunja nyumba nzima. Na kwa kuwa kosa limo katika mwili wa mnyama mmoja mmoja, ugonjwa huu hauambukizi. Kondoo mwenye mwasho wa usubi aweza kulala ubavuni mwa mwenzake mwaka mzima asimpe kitu.

Jambo hili lilijulikana kwanza kwa farasi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu R. F. Riek alichunguza mwasho wa farasi katika jimbo la Queensland, Australia, akaonyesha ya kuwa chanzo chake ni mzio wa kuumwa na usubi. Ushahidi mwingine watoka Iceland. Katika kisiwa hicho cha baridi, kwa karne nyingi hapakuwa na usubi wa kuuma, na farasi wake waliishi bila kuujua mwasho huo. Lakini farasi waliozaliwa huko wakipelekwa katika nchi za bara la Ulaya zenye usubi wengi, zaidi ya nusu yao huweza kuugua baada ya miaka michache, hali wale wa ukoo huo huo waliozaliwa bara na kuzoea usubi tangu utoto huugua kwa uchache sana. Damu ni moja. Kilichotofautiana ni wakati mwili ulipokutana na adui kwa mara ya kwanza.

Habari za kondoo zilifuata. Mwaka 1993 wataalamu wa Israel, Yeruham na wenzake, walieleza waliyoyaona mashambani juu ya mzio wa usubi kwa ng'ombe, kondoo na punda. Mwaka 2007 wataalamu wa Brazil nao walieleza habari za kondoo wa kusini mwa nchi yao waliopatwa na ugonjwa huu wakati wa majira ya usubi, na mdudu aliyehusika alikuwa aina iitwayo Culicoides insignis. Nchi hizo mbili zimetengwa na bahari, na usubi wao si wa aina moja, lakini kondoo wao walijikuna kwa namna moja.

DALILI ZAKE

Sufu ni ngao nzuri. Usubi ni mfupi wa mdomo, hawezi kuipenya sufu iliyoshonana, kwa hiyo hutafuta mahali palipo wazi. Ndiyo sababu dalili huonekana hasa masikioni, kando ya macho, juu ya pua na midomo, chini ya tumbo, kwenye kiwele na chuchu, na miguuni. Kondoo wa nywele fupi, wasio na sufu, huweza kushikwa hata mgongoni na ubavuni.

Kwanza ngozi huwa nyekundu na kuvimba. Kisha mnyama hujisugua, hujiuma, na kupiga miguu chini, hasa jioni. Nywele hupukutika, majimaji hutoka na kukauka kuwa vigaga, na mwisho, ikiwa mwasho umedumu muda mrefu, ngozi huwa nene yenye mikunjo, ikawa nyeusi na ngumu kama ngozi ya kiatu kikuukuu.

Hasara yake haiishii katika ngozi. Kondoo anayejikuna usiku kucha hapati raha ya kucheua, na mchana hula kidogo, basi hukonda. Jike mwenye vidonda kwenye chuchu humpiga teke mwanawe, na mwana-kondoo hudhoofika kwa kukosa maziwa. Vidonda vilivyo wazi huwaita nzi, nao nzi hutaga, na funza wakiisha kuingia katika nyama, ugonjwa uliokuwa wa kuudhi tu huwa wa kuua.

USICHANGANYE MAGONJWA

Mambo mengi humfanya kondoo ajikune au atoke vigaga, na dawa ya moja si dawa ya jingine. Yafaa kila mfugaji akumbuke tofauti hizi.

Upele wa kondoo huletwa na mdudu mdogo sana aishiye juu ya ngozi chini ya sufu, aitwaye Psoroptes ovis. Huo hupendelea mahali penye sufu nyingi, kama mabegani, mgongoni na ubavuni, na sufu hutoka kwa mafungu. Nao huambukiza: leo mmoja, kesho watano, na baada ya muda kundi zima. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi kidogo na kutazama kwa hadubini ili kumpata mdudu huyo. Upele wa kweli haufai kucheleweshwa hata siku moja, na huo kondoo wote wa kundi hutibiwa kwa pamoja.

Chawa, na yule mdudu wa kahawia asiye na mabawa anyonyaye damu ndani ya sufu, huonekana kwa macho mfugaji akiifunua sufu kwa vidole. Vidonda vya midomoni mwa wana-kondoo, vinavyofanana na mafundo ya vigaga, huenda vikawa ugonjwa mwingine wa kuambukiza, na huo huweza kumshika hata mtu anayewalisha kwa mikono. Kondoo weupe wakila mimea fulani, kama lantana, ini lao huharibika na ngozi yao huchomwa na jua; hao masikio na uso huvimba, lakini taabu yao huzidi mchana juani, wala si magharibi.

Mwisho uko ugonjwa wa ulimi wa buluu, ambao yapasa kutajwa kwa herufi kubwa, kwa sababu nao huletwa na usubi. Mwaka 1944 mtaalamu R. M. du Toit wa Afrika Kusini alionyesha ya kuwa usubi ndio wanaochukua virusi vya ugonjwa huo kutoka kwa mnyama mmoja hata mwingine. Kondoo aliyeshikwa huwa na homa kali, uso na midomo huvimba, mate na kamasi humtoka, ulimi huweza kuwa wa rangi ya buluu, na mara nyingi huchechemea. Kondoo wa kigeni wa sufu huteseka kuliko kondoo wa asili wa Afrika. Kwa hiyo kondoo mwenye homa na uso uliovimba asihesabiwe kuwa na mwasho tu. Daktari aitwe upesi. Chanjo ya ugonjwa huo iko, na hutolewa kabla ya majira ya hatari, wala si baada yake.

MASWALI MATATU KABLA YA KUFUNGUA MKOBA

Mfugaji yule wa kondoo 40 hatimaye alikwenda kumwita Bwana Mifugo. Alipofika hakuuliza kwanza habari za dawa.

"Mzee, kondoo hawa walianza kujikuna lini?"

"Baada ya mvua, Bwana Mifugo. Na kila jioni huzidi."

"Na mwaka uliopita?"

Mzee akafikiri. Akakumbuka ya kuwa mwaka uliopita pia, wakati kama ule ule, mmoja wa wale wanne alikuwa na vigaga masikioni, na vilipona vyenyewe majira ya kiangazi. Hapo palikuwa na nusu ya jibu.

Swali la kwanza, basi, ni hili: lini? Mwasho wa usubi huja na majira ya usubi na kuondoka nayo, na mnyama aliyeugua mwaka huu huelekea kuugua tena mwaka ujao, mara nyingi kwa ukali zaidi. Swali la pili ni: wapi? Ikiwa taabu iko mahali pasipo na sufu, usubi na wafikiriwe. Ikiwa iko chini ya sufu, upele utafutwe. Swali la tatu ni: wangapi? Ikiwa ni wachache walio wale wale, na ndugu zao wanaolala nao hawana kitu, ugonjwa hauambukizi. Ikiwa hesabu yaongezeka kila juma, hatari ni nyingine.

Maswali haya hayagharimu hata senti moja, ila yahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu ya kichwani husahau. Kila mwenye kondoo na awe na daftari. Aandike ndani yake siku aliyoona mwasho, alama ya kondoo, mahali pa kidonda, hali ya mvua, na dawa iliyotumiwa. Karani wa ofisini ajuaye faida ya faili aweza kumsaidia baba yake au ndugu yake aliye shambani kuanzisha daftari la namna hiyo siku ya mapumziko. Baada ya miaka 2, kurasa zake zitamwambia daktari mambo ambayo kondoo hawezi kuyasema.

Yuko pia njia ya kujaribu. Kondoo wenye mwasho wahamishwe kutoka bondeni na kuwekwa mahali pakavu pa juu penye upepo kwa majuma machache, bila kubadili jambo lingine. Wakipona huko, na wakirudishwa bondeni wakaanza tena, adui amejitaja jina lake mwenyewe.

KAZI YA KUFANYA

Kazi ya kwanza ni jembe na koleo, si dawa. Birika linalovuja litengenezwe. Mahali wanyama wanaponywea pawekwe mawe na kokoto, ili kwato zisifanye matope. Maji yaliyosimama yachimbiwe mfereji. Mavi ya zizini yaondolewe mara kwa mara na kuwekwa mbali, mahali pakavu, na yakishaoza vizuri yapelekwe shambani. Kwa kazi hiyo usubi hawatakwisha wote, maana wengine hupeperushwa na upepo kutoka mbali, lakini watapungua, na pungufu hilo ndilo faida ya mfugaji.

Kazi ya pili ni saa. Kondoo watolewe malishoni kwenye majani mabichi ya bondeni mapema kabla ya jua kutua, na asubuhi wasirudishwe huko mpaka jua limepanda. Zizi lijengwe mahali palipoinuka, penye upepo, mbali na mto na bwawa. Moshi wa moto mdogo uliowashwa upande wa upepo huweza kuwapunguzia wanyama taabu kwa muda, ila uangaliwe usije ukachoma zizi wala kuwaumiza macho.

Kazi ya tatu ni dawa ya kuzuia wadudu. Katika jambo hili Kenya ina historia ya kujivunia. Pareto, lile ua jeupe lililolimwa tangu miaka ya 1930 katika nyanda za juu kama Molo na Kinangop, hutoa dawa inayouangusha mdudu upesi, na kwa miaka mingi ya karne ya 20 Kenya ilikuwa ya kwanza ulimwenguni kwa zao hilo. Kwa kuiga dawa ya ua hilo wataalamu wametengeneza nyingine zinazodumu zaidi juani, kama deltamethrin, ambazo humiminwa au kupakwa juu ya mnyama. Maandishi ya chupa yasomwe yote kabla ya kutumia: kiasi gani, baada ya siku ngapi irudiwe, na siku ngapi zipite kabla ya nyama au maziwa kuliwa. Mabaki yasimwagwe mtoni, maana dawa hizi huwaua samaki, na paka wazuiwe wasizilambe.

Kazi ya nne ni ya daktari. Vidonda huoshwa kwa maji safi yenye chumvi na kupakwa dawa ya kuzuia kuoza na ya kufukuza nzi. Iko sindano ya kutuliza askari wa mwili waliokasirika, nayo huondoa mwasho upesi, lakini dawa za namna hiyo huweza kumfanya kondoo mwenye mimba kubwa azae kabla ya wakati, tena huupunguzia mwili nguvu ya kupigana na magonjwa mengine. Kwa sababu hiyo mfugaji asijichomee mwenyewe kwa kufuata ushauri wa mtu wa dukani.

Na kazi ya tano, iliyo ngumu kwa moyo, ni kuchagua. Kwa farasi imeonekana ya kuwa mwelekeo wa kuugua mwasho huu hurithiwa na watoto. Basi dume anayeugua kila mwaka, hata akiwa na umbo zuri namna gani, si dume wa kuenezwa katika kundi, na jike anayeteseka kila majira ni afadhali auzwe kwa nyama wakati angali na unono kuliko kungoja akonde.

MPAKANI

Mfugaji wa kondoo 40 alitengeneza birika lake kwa siku 2, akahamisha zizi kutoka kando ya mto mpaka kwenye kilima kidogo nyuma ya nyumba. Kondoo 3 walipona kabla ya mvua fupi. Wa nne, yule jike wa kwanza, aliendelea kupata vigaga kila majira, na mwisho aliuzwa.

Kazi iliyombakia ilikuwa kubwa kuliko birika. Alikwenda mpakani, akaita hodi, akamwambia jirani yake ya kuwa dume lake halikuwa na kosa. Jirani alisikiliza bila kusema neno. Kisha akamwonyesha kondoo wawili waliokuwa wakijisugua kwenye ua wake mwenyewe, karibu na mahali ambapo maji ya birika la mwenzake yalikuwa yakitiririka na kutuama, upande wa pili wa mpaka.

Siku iliyofuata wote wawili walichukua koleo, wakachimba mfereji mmoja uliopita katika mashamba yote mawili. Usubi hajui mpaka, wala hasomi hati ya shamba, na kidole kimoja hakivunji chawa.